Uso wa Mshairi wa Msambweni

Uso ule haukuwa wa Alfani Kombe, na mji mzima wa Msambweni ulilijua hilo tangu saruji ilipokuwa mbichi. Mshairi mwenyewe alifariki bila ya kuacha picha hata moja. Kila alipoelekezewa kamera alijiziba kwa kofia yake na kusema kwamba Mola alimpa sura moja tu, wala hakumpa ruhusa ya kuigawa. Kwa hiyo kamati ya ukumbusho ilipojenga kitako cha mawe katikati ya uwanja, kitako hicho kilikaa kitupu kwa miaka. Mbuzi walipanda juu yake kuota jua, wauza ndizi waliegemeza mizigo yao, na mgeni aliyeuliza ni ukumbusho wa nani alijibiwa kwamba ni wa mtu ambaye bado yuko njiani.

Mwisho wake kamati ilikumbuka kwamba mshairi alikuwa na mjukuu. Iddi, mwanawe wa pekee, alipojaliwa mtoto wa kiume alimpa jina la babu yake, kama ilivyo desturi. Tangu siku hiyo mjane wa mshairi hakumwita mtoto yule kwa jina. Alimwita mume wangu, akamtengea minofu ya samaki, akamgombeza kila alipochelewa kurudi nyumbani, mpaka kizee alipoingia kaburini. Wazee nao waliapa kwamba kijana amerithi paji la uso, pua, na ile tabia ya kuinua unyusi mmoja kabla ya kusema neno. Ikiwa babu amerudi, walisema, kuna haja gani ya picha?

Basi akaletwa Kenga, fundi aliyezoea kuwafinyangia wenye hoteli wa Diani simba na pomboo wa kando ya mabwawa ya kuogelea. Alfani mjukuu alivishwa kanzu na kofia ya viua, akaketishwa uani kwao, akaonywa asicheke. Akacheka. Kenga alimwongezea ndevu na mikunjo ya uzee, lakini kile kicheko cha pembeni mwa mdomo hakikumtoka mikononi, kikakauka pamoja na saruji.

Aliyepinga kwa sauti alikuwa mmoja tu, Sheikh Swabir wa msikiti ulio karibu na uwanja. Alisema kwamba kufinyanga umbo la mwenye roho ni kujitakia lawama mbele ya Mungu. Iddi, mshona kanzu, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliinamisha kichwa asijibu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwapa kamati ruhusa. Tangu Ijumaa iliyofuata hakuombwa tena kuadhini.

Hayo yote yangalikuwa mambo ya kuchekwa barazani, lau Alfani mjukuu asingalichukuliwa.

Alichukuliwa Kona ya Musa, mchana kweupe, alipokwenda kumnunulia baba yake uzi na vifungo. Watu wasiovaa sare walishuka katika gari lisilokuwa na nambari, wakamwuliza jina, akawatajia, wakamsukumiza ndani. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amesimama upande wa Bodo, mbele ya ukuta mpya uliofunga njia ya wavuvi ya kushukia pwani, akawasomea watu beti za babu yake:

*Njia waliyoipita, baba na mababu zetu,*
*Mmeizungusha kuta, mkaifanya si yetu.*

Beti hizo kamati haikuziandika kwenye kitako cha sanamu. Ilichagua zile za kuisifu mvua.

Iddi na mkewe Mwanasha walizunguka kila kituo, na kila kituo kiliwaambia kwamba hakimjui kijana huyo. Waliuliza kwa mdomo tu. Hawakuandikisha lolote, kwa kuwa kila mwenye kujifanya mjuzi alimnong'oneza Iddi neno lile lile: mtoto wa anayepiga kelele harudi. Iddi akanyamaza. Nyumba nzima ikanyamaza pamoja naye, na cherehani pia, maana hakuna tena aliyetaka kuonekana akipimwa kanzu katika baraza ile.

*

Mwanasha alikuwa akikanda unga wa mahamri yeye na mumewe waliposikia hodi. Waliingia watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mramba, mwenyekiti wa kamati, Mduruma wa Kinango, mwalimu mkuu aliyestaafu, ambaye alisoma darasa moja na Iddi. Wa pili alikuwa Samuel, katibu wake, kijana wa bara mwenye viatu vyenye kung'aa, ambavyo alivitazama mara mbili kabla ya kukubali kuvivua.

"Shikamoo mama," alisema Samuel.

"Marahaba. Mmeniletea habari za mwanangu?"

Swali hilo Mwanasha alimwuliza kila aliyeingia mlangoni mwake, hata muuza maziwa. Mwalimu Mramba alikohoa, akakaa kwenye kiti alichowekewa.

"Habari tulizo nazo ni za aina nyingine, Mama Alfani."

"Basi zisemeni, unga wangu usiumuke bure."

Samuel hakungoja mkubwa wake. "Mama, hii maneno imefika mbali. Kuna watu wameweka picha kwa simu. Picha ya sanamu na ya kijana wenu, bega kwa bega, na chini wameandika, 'Yuko wapi?' Imeenda nchi nzima. Sasa wakubwa wanatuuliza sisi, huyo mmesimamisha uwanjani ni nani hasa? Na Siku ya Mshairi mgeni wa heshima anakuja. Ataweka maua mbele ya mtu anayetafutwa?"

"Anayetafutwa na nani?" aliuliza Mwanasha. "Ninayemtafuta ni mimi."

Iddi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake, mguu juu ya kanyagio, kitambaa hakuna.

"Iddi, ndugu yangu," alisema Mwalimu Mramba kwa upole, "tumeonelea uso ule usawazishwe. Kanzu ibaki, mkono ubaki, kofia ibaki. Uso tu uwe laini. Sheikh Swabir tumekwisha kumwona, naye amesema umbo lisilokuwa na uso hana ugomvi nalo. Kwa hiyo wewe utarudi mahali pako msikitini. Na huko juu, wakiona mmeshirikiana nasi, pengine…"

"Pengine nini, Mwalimu?"

"Pengine kijana atapatikana."

"Umeambiwa hivyo?"

"Sikuambiwa. Ninakisia."

"Darasani ulikuwa ukichungulia majibu yangu, Mramba. Hukuwa ukikisia."

Samuel alicheka, akaona amecheka peke yake. Mwalimu Mramba hakukasirika. Alisema kwa sauti ya chini kwamba neno la mwenye nyumba ndilo linalongojwa, na kwamba likikosekana, wapo wanaotaka sanamu yote ibomolewe na uwanja upewe jina jingine.

Mwanasha alimtazama mumewe. Alimtaka ainue macho. Iddi hakuyainua.

"Fanyeni," alisema.

*

"Ni saruji, mke wangu," Iddi alimwambia walipobaki wawili. "Si uso wake. Ni saruji na nondo. Na tangu mwanzo haikunipa raha."

"Kama ni saruji, mbona wanaiogopa?"

"Wanaogopa maneno ya watu."

"Na sisi je?" Mwanasha alilipiga donge la unga ubaoni. "Sisi tunaogopa nini? Walisema tunyamaze, tukanyamaza. Walisema tusiandikishe, hatukuandikisha. Wageni wameuliza kwenye simu zao yuko wapi, watu wasiomjua hata kwa salamu, na sisi tuliomzaa hatujauliza kwa sauti. Leo wanasema tuwape na uso, nawe unawapa!"

"Ninawapa ili nimpate yeye."

"Amekwambia nani kwamba ukiwapa hiki watakupa kile? Umesikia ahadi? Mimi nilikuwapo. Nimesikia neno 'pengine' tu."

Iddi aliondoka akaenda kutia udhu, na Mwanasha akasikia maji yakimwagika kwa muda mrefu kuliko udhu unavyohitaji.

*

Meza ya Mwanasha ilikuwa hatua chache kutoka kwenye sanamu. Hapo aliuza mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi, na kando yake Jumwa aliuza nazi na madafu. Jumwa alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na zamani alipofika alikuwa akiisalimu sanamu kabla ya kuwasalimu watu. "Alfani, umeamkaje? Umelala umesimama tena?" Wateja wakacheka. Tangu kijana achukuliwe, Jumwa aliacha mzaha ule. Alikuwa mwema kwa Mwanasha kupita kiasi. Alimbebea ndoo, alimchanjia kuni, alimkaangia samaki, wala hakukubali kushukuriwa.

Wateja walipungua. Wale waliokuwa wakikaa kwenye benchi na kulamba mchuzi vidoleni sasa walitaka kufungiwa.

"Nitilie kwenye mfuko, Mama Alfani," alisema Caroline, karani wa duka la dawa, akitazama barabarani. "Leo nina haraka."

"Jana pia ulikuwa na haraka."

"Kazi nyingi, mama."

"Haya, mwanangu. Mbaazi hazichagui pa kuliwa."

Askari wa soko naye alikuja, fimbo kwapani, akamwambia kwa adabu ya kusomeshwa kwamba meza isogezwe hadi upande wa pili, karibu na mtaro. Siku ya Mshairi inakaribia, na ukumbusho unatakiwa uonekane vizuri. Mwanasha aliuliza kama meza ya nazi nayo itasogezwa. Askari akasema kwamba hakuambiwa habari za nazi. Basi akasogeza sufuria zake mwenyewe, moja moja, na harufu ya mtaro ikaja kukaa pamoja na mahamri.

Sheikh Swabir alipita akitoka msikitini. Alisimama mbele ya meza, mzee mwembamba, tasbihi mkononi.

"Bi Mwanasha, nasikia umehuzunika kwa jambo la sanamu. Usiufunge moyo wako kwenye saruji. Mwombee mwanao dua. Hiyo ndiyo itakayomfikia."

"Nyinyi mmemwombea, Sheikh?"

"Sote tunawaombea Waislamu wote."

"Ijumaa mliwaombea wagonjwa kwa majina. Mkamwombea msafiri kwa jina. Mkamwombea na mtoto wa mwenye lori anayefanya mtihani, kwa jina. Nilikuwa upande wa wanawake, nimesikia. Alfani bin Iddi hakutajwa. Amefundisha watoto wenu madrasa, hakutajwa hata mara moja. Ni dhambi kulitaja jina lake, Sheikh, au ni hatari?"

Tasbihi ilisimama. Sheikh alinunua mahamri asiyoyahitaji, akaenda zake.

Jumwa aliyasikia yote. Alikuwa akifua nazi, na panga lilimponyoka likakata kifuu mahali pasipotakiwa.

*

Asubuhi ya kazi yenyewe watu walijaa uwanjani kana kwamba ni sikukuu. Kenga alikuwa amefika na ngazi, miwani ya kuzuia vumbi na mashine yake ya kukwangulia saruji. Waya wa umeme ulivutwa kutoka duka la simu la Twaiba, upande wa pili wa njia. Samuel alimwambia Twaiba kwamba wanasafisha ukumbusho kwa ajili ya mgeni, naye akafungua mlango bila ya kuuliza zaidi.

Mwanasha alimwendea Kenga kabla hajapanda ngazi.

"Hata wewe?"

"Nilikataa mara ya kwanza, mama." Fundi hakuweza kumtazama. "Wakasema watamleta mtu wa nyundo. Huyo angevunja mpaka kifua. Mimi angalau mkono wangu unaijua kazi."

"Ulimwambia asicheke."

"Nilimwambia. Hakusikia."

Samuel alimshika Iddi kiwiko akamsimamisha karibu na ngazi. "Mzee, simama hapa hapa. Kofia sawa. Tunapiga picha moja tu, ionekane familia imekubali. Usiinamishe kichwa. Tazama huku." Iddi alitii kama mtoto anayepigwa picha shuleni. Simu ikainuliwa. Watu waliokuwa wakinunua kanzu kwake walimtazama akitazama simu.

Hapo Mwanasha alipita katikati ya watu mpaka mbele ya Mwalimu Mramba.

"Mwalimu, nina swali moja, nawe umefundisha maisha yako yote, hutashindwa. Uso huu mnaouondoa ni wa nani?"

"Mama Alfani, tafadhali, si mahali pake…"

"Ukiwa ni wa mshairi, amekosa nini leo, naye amezikwa zamani? Na ukiwa ni wa mwanangu, basi lipo jambo mnalolijua juu yake. Lisemeni. Mmoja wenu alitaje jina lake, kisha mkwangue."

Mwalimu Mramba alitazama chini. Jasho lilimtoka kwenye mikunjo ya shingo. Yeye ndiye aliyempeleka Kenga uani kwa kina Iddi siku ile. Yeye ndiye aliyeshika kioo ili kijana ajione na ndevu za unga wa chaki. Samuel akampungia mkono Kenga.

"Anza, fundi! Tutakaa hapa mpaka jioni?"

Mashine ikalia. Ilianza kwenye ndevu, ikapanda shavuni, na vumbi jeupe likaanguka chini ya ngazi, mahali aliposimamishwa Iddi. Likamwangukia kofiani, mabegani, kwenye mikono ya kanzu. Iddi alijipangusa mkono mmoja kwa mwingine, kama mtu anavyojipangusa unga. Kisha akaacha. Akakitazama kiganja chake. Aliona kwamba vumbi alilokuwa akilipangusa ni uso ambao yeye mwenyewe aliutoa kwa neno moja, akiwa ameketi nyuma ya cherehani, bila ya kuinua macho.

Alianza kusema. Hakuna aliyemsikia, kwa kelele za mashine. Akasema kwa nguvu zaidi. Watu waliona mdomo wake ukifunguka na mishipa ya shingo ikisimama, wakadhani vumbi limemwingia kooni. Mwanasha aliona, na Twaiba mlangoni mwa duka lake aliona. Twaiba alilitazama lile shavu lililokwisha kuwa laini kama yai, akamtazama mzee anayepiga kelele zisizosikika, akaingia ndani, akachomoa waya.

Mashine ikazimika ghafla, na sauti ya Iddi ikabaki peke yake juu ya uwanja mzima.

"…mwanangu! Alfani bin Iddi! Mwanangu! Alichukuliwa Kona ya Musa mchana, watu wanaona! Mchana, watu wanaona!"

Akashtuka kwa sauti yake mwenyewe, akanyamaza.

"Umeme umeenda?" aliuliza Samuel.

"Haujaenda popote," Twaiba alijibu kutoka mlangoni. "Uko kwangu. Uliniambia mnasafisha."

"Dada, washa hiyo kitu!"

"Njoo uwashe wewe, uone nitakavyokutoa humu."

Wako waliocheka, lakini kidogo. Samuel akamgeukia Iddi, na sasa sauti yake haikuwa na heshima ya kuazima. "Mzee, umejiharibia. Tulikuwa tunakusaidia. Utajuta."

"Nimekwisha kujuta," alisema Iddi. "Juto la kunyamaza nimelimaliza lote."

Mwalimu Mramba alimvuta katibu wake mkono, akamwambia waende. Kenga alishuka ngazi. Juu ulibaki uso nusu wa sanamu, upande mmoja umesawazishwa, upande mwingine umeinua pembe ya mdomo kama siku ile uani. Sheikh Swabir, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa msikiti, alishusha macho. Hakuondoka, lakini pia hakusogea karibu.

Kisha, kutoka upande wa meza za soko, ikasikika sauti nyembamba.

"Mimi niliona."

Watu waligeuka. Alikuwa Jumwa, panga la nazi bado mkononi.

"Nilikwenda Kona ya Musa kutafuta nazi siku ile," alisema. "Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na ndoo hii. Walikuwa wanne. Mmoja namjua kwa sura. Hula samaki pale karibu na stesheni ya mafuta. Alfani aliniona. Aliniita shangazi. Nikageuza uso."

Mwanasha alimwendea polepole. Alikumbuka ndoo alizobebewa, kuni alizochanjiwa, samaki aliokaangiwa, na kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini mwanamke huyu hakuwahi kukubali shukrani.

"Asubuhi zote hizi umekaa kando yangu," alisema. "Umenisikia nikimwuliza kila mtu, mpaka muuza maziwa."

"Niliogopa, Mama Alfani. Nina watoto."

"Mimi pia nina mtoto."

Jumwa alianza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima kisicho na sauti. Hakuna aliyemshika. Mwanasha alisimama mbele yake, na waliokuwa karibu walidhani atampiga, na pengine hata yeye mwenyewe alidhani hivyo, maana mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka. Ulibaki hewani kidogo, ukashuka.

"Funika nazi zako," alisema. "Tunakwenda kituoni. Leo tunaandikisha. Hayo uliyoyasema hapa utayasema na kule."

"Leo hii?"

"Sasa hivi. Ukilala nayo tena, kesho hutayasema."

Iddi alikuja akasimama nao, mweupe kwa vumbi toka kofia hadi viatu. Mkewe hakumpangusa, naye hakujipangusa. Jumwa aliweka panga chini, akavuta gunia juu ya nazi zake, akajaribu kujifunga leso kiunoni kwa safari. Fundo likamshinda mara ya kwanza na mara ya pili. Mwanasha alimtazama bila ya huruma usoni mwake. Kisha alizichukua zile ncha mbili za leso kutoka vidoleni mwa Jumwa, akamfungia, akakaza.